Posta yafaa kuwaenzi waliotuchekesha

WAKAZI wa Mwatate, makao makuu ya Kaunti ya Taita Taveta, wana sababu ya kujivunia stempu za Kenya. Mwaka 1977 nchi hii ilipotoa stempu zenye picha za madini, mojawapo ilibeba garneti ya kijani, kito kinachochimbwa katika kaunti yao.

Je, ikiwa jiwe lilistahili heshima hiyo, wanaotuchekesha huku wakitufumbua macho wana kosa gani?

Stempu ni kipande kidogo cha karatasi, lakini ni kauli ya taifa kuhusu nani anafaa kukumbukwa. Marekani ilitoa kauli hiyo mwaka 1994 ilipomwenzi kwa stempu James Thurber, mwandishi wa vichekesho na mchoraji vibonzo aliyefariki mwaka 1961.

Hata hivyo, kumwenzi Thurber hakukuwa na utata. Michoro yake ilihusu zaidi mbwa na mivutano ya mume na mke. Hakuna waziri aliyekosa usingizi kwa sababu yake.

Kwetu mambo ni tofauti. Wahome Mutahi, aliyeandika safu ya Whispers katika gazeti la Sunday Nation, alicheka familia yake ya kubuni, lakini pia aliwacheka wakubwa. Mwaka 1986 alitiwa gerezani wakati wa msako dhidi ya kundi la Mwakenya. Alifariki Julai 2003. Kuichapisha sura yake kwenye stempu kungekuwa sawa na dola kukiri kwamba ilimdhulumu.

Yupo pia Edward Gitau, ambaye kibonzo chake cha Juha Kalulu kiliwaburudisha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo kadhaa. Kwa wengi, kibonzo hicho kilikuwa mlango wa kuingilia Kiswahili cha magazetini.

Wapo watakaodai kwamba barua zimemezwa na simu, hivyo stempu hazina maana tena. Ni kweli barua zimepungua. Lakini stempu ya ukumbusho hainunuliwi kwa ajili ya barua pekee. Huhifadhiwa, na anayeihifadhi huhifadhi historia.

Shirika la Posta lingefanya busara kuwaalika wananchi wapendekeze majina, wa Mwatate sawa na wa Nairobi. Ndege, maua na vito havimkosoi mtawala. Taifa lililokomaa humwenzi hata aliyelikosoa kwa kicheko.