Vakansi ya Miezi Miwili, na Mlango wa Babu Umefungwa

Tarehe 2 Julai, siku ambayo kwa desturi shule za Kongo husoma matokeo na kugawa buletini, barabara za Butembo hujaa mashati meupe na sketi na suruali za buluu. Aliyepasi hutembea katikati ya njia. Aliyeanguka hupitia vichochoro. Jioni ya siku hiyo, katika nyumba nyingi za Kimemi, Mususa, Vulamba na Bulengera, wazazi hubaki na swali moja. Kesho mama akienda soko na baba akienda kazini, watoto watabaki na nani? Swali hilo litarudi kila asubuhi kwa miezi miwili, hadi masomo yaanze tena mwanzoni mwa Septemba.

Zamani jibu lilikuwa barabarani. Mtoto wa Butembo alipandishwa gari hadi Mbau, Oicha, Mangina au Mutwanga. Wa Beni alipelekwa kwenye baridi ya Lubero. Huko alipura maharagi, alichuma kahawa, alisaidia kupasua kakao na kuianika juani, na jioni alikaa na wazee akasahihishwa Kinande chake. Babu na nyanya walipata mikono ya kazi na wajukuu wa kuwachekesha. Wazazi mjini walipata wiki sita au saba za kufanya biashara bila kugeuka nyuma. Hakuna aliyelipwa, hakuna aliyesaini karatasi, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna ofisi iliyohesabu kazi kubwa ambayo familia pana ilikuwa inaifanya.

Kisha barabara ikageuka kuwa mahali pa kuogopwa.

Mbau iko kwenye Barabara ya Taifa namba 4, kama kilometa 20 kaskazini ya mji wa Beni, na ndiyo makao ya sekta ya Beni-Mbau. Hapo ndipo njia ya kwenda Kamango na mpaka wa Uganda inapochepuka. Tangu Oktoba 2014, mauaji yanayohusishwa na waasi wa ADF yameiandama nchi hiyo ya kakao. Eneo lililo kati ya Mbau, Eringeti na Kamango lilikuja kuitwa pembetatu ya kifo. Utawala wa kijeshi ulianza Kivu Kaskazini na Ituri tarehe 6 Mei 2021, na tarehe 30 Novemba mwaka huo jeshi la Uganda likaingia pamoja na lile la Kongo katika operesheni ya Shujaa. Zipo sehemu ambako watu wamerudi mashambani. Lakini msimu wa kuvuna kakao bado ni msimu wa hofu, na watoto ni miongoni mwa wanaotekwa. Mzazi wa Butembo anayempenda mwanawe hatampeleka huko kwa sababu tu vakansi imefika.

Matokeo yake ni kwamba safari imegeuka upande. Leo ni mtoto wa kijiji anayekuja mjini, mara nyingi na mama yake, pengine na nyanya yake pia, na kuongezeka katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa imejaa tayari. Beni, ambayo mwaka 2025 ilipokea kwa muda ofisi za jimbo baada ya Goma kutekwa na waasi wa M23, imebanwa zaidi. Nyumba iliyotegemea kupunguziwa watoto wawili mwezi wa Julai sasa inapokea watatu.

Hapa ndipo penye jambo linalopaswa kusemwa waziwazi. Vakansi ndefu ilibebwa na nyumba ya babu kijijini. Vita vimeifunga nyumba hiyo, na hakuna aliyeweka kitu mahali pake. Mzigo umeachiwa wazazi wanaofanya kazi, na zaidi akina mama, kana kwamba ni shida ya kila mmoja na nyumba yake.

Tuanze na wenye mshahara, ambao wengine huwaonea wivu. Sheria ya kazi ya Kongo ya Oktoba 2002 inampa mfanyakazi mtu mzima angalau siku moja ya likizo kwa kila mwezi mzima wa utumishi, na siku moja ya ziada kwa kila miaka mitano anayotimiza. Yaani karani aliyeanza kazi mwaka jana ana siku 12 za kugawa kwa mwaka mzima, huku mwanawe akiwa nyumbani siku sitini. Hata baba na mama wakiwa wote wameajiriwa, na wakachukua likizo kwa zamu bila kuonana, hawafiki nusu ya vakansi.

Wengi, hata hivyo, hawana hizo siku 12. Butembo ni mji wa biashara. Mwenye duka kubwa huagiza mali Dubai na Guangzhou, na kontena zake hupita Mombasa na Kampala kabla ya kufika Kasindi. Mama wa rejareja hutegemea kontena hizo hizo kwa mitumba, sabuni au makayabu anayopanga mezani. Anayefunga meza kwa wiki mbili ili akae na watoto anajua akirudi atakuta wateja wamezoea meza ya jirani. Mwendesha pikipiki anayekodi chombo lazima apeleke hesabu ya mwenye pikipiki kila jioni, iwe vakansi au si vakansi.

Zaidi ya hayo, Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo mzazi anahitaji fedha kuliko mingine. Shule za msingi za serikali zilitangazwa kuwa za bure Septemba 2019, na ni hatua kubwa kwa familia yenye watoto watano. Sekondari bado inalipwa. Kuna sare, madaftari, viatu, na ada ya kuandikisha mtoto anayebadilisha shule. Kwa hiyo wakati watoto wako nyumbani kutwa nzima, mzazi anatakiwa kutoka mapema zaidi na kurudi usiku zaidi, ili watoto hao hao wapate kuingia darasani Septemba. Anayemlaumu mama wa soko kwamba hayuko na wanawe wakati wa vakansi hajapiga hesabu hiyo.

Anayelipia pengo hilo anajulikana kila nyumba: Masika, kama Wanande wanavyomwita binti wa kwanza. Kaka zake wakienda kucheza mpira wa mashindano ya mtaa, yeye anabaki na mtoto wa mgongoni, ndoo ya maji na sufuria ya sombe. Ana miaka 11 au 12, na vakansi yake ni kazi ya mtu mzima. Wadogo wake wengine huonekana sokoni na sahani ya mandazi au karanga kichwani. Kumsaidia mama kupanga mboga kwa saa mbili ni malezi, na Wanande hawajawahi kuona aibu kumfundisha mtoto biashara. Kumwacha atembeze bidhaa hadi giza, katika mji wenye pikipiki nyingi na usiku usioaminika, ni jambo lingine. Sheria ya kulinda mtoto ya Januari 2009 imeweka miaka 16 kuwa umri wa kuajiriwa. Katika Agosti, umri huo husahaulika kirahisi.

Wapo wanaojaribu bado kusafiri. Njia iliyobaki ni ya mashariki: kilometa 54 kutoka Butembo hadi Beni, kisha 80 hadi Kasindi, barabara ambazo Rais Tshisekedi na Rais Museveni walizindua mradi wa kuzitia lami Juni 2021. Ng'ambo ya mpaka, huko Kasese, wako Wakonzo, ndugu wa damu na wa lugha. Lakini Julai inapofika, binamu wa Kasese wako darasani. Uganda ina mihula mitatu inayoanza Februari, na likizo zake huangukia Mei, mwisho wa Agosti, na Desemba. Mtoto wa Butembo anayepelekwa huko atakuta wenzake wanarudi jioni na kazi za nyumbani, na shangazi anayetoka asubuhi kwenda kazini sawasawa na mama yake aliyemwacha. Upande wa kusini ni vigumu zaidi. Tangu Kanyabayonga ianguke mikononi mwa M23 mwishoni mwa Juni 2024, na Goma mwishoni mwa Januari 2025, kwenda kumsalimu kaka wa Goma kumekuwa safari ya kuzunguka kupitia Uganda, yenye gharama ambayo familia ya kawaida haiwezi kuwalipia watoto wanne.

Basi wengine husema: kalenda yenyewe ndiyo mbaya, ifupishwe. Hoja hiyo ina uzito. Julai na Agosti zilitufikia na Wabelgiji, ambao huo ndio wakati wao wa jua. Butembo iko karibu kabisa na ikweta, juu milimani, na asubuhi ya Julai mtu anavaa koti. Wabelgiji wenyewe wamekwisha kuigusa kalenda yao: tangu mwaka wa masomo wa 2022, shule za jumuiya ya Wabelgiji wanaosema Kifaransa zilipunguza likizo ya kiangazi kutoka wiki tisa hadi saba, na wiki zilizotolewa zikagawiwa kwenye likizo za katikati ya mwaka. Sisi tumebaki na urithi ambao hata mwenye kuurithisha ameufanyia marekebisho.

Ila kalenda huamuliwa Kinshasa, na Kinshasa iko mbali. Walimu nao, ambao wengi wamefundisha mwaka mzima katika darasa lenye wanafunzi wengi kupita kiasi, wana haki ya kupumzika. Liko jambo lililo karibu zaidi, tena linaloonekana kwa macho kila mtu apitapo: malango ya shule yenye kufuli. Kila mtaa wa Butembo na Beni una shule yenye uwanja, vyoo, paa na ukuta. Miezi miwili mali hiyo inalala, wakati watoto waliokuwa ndani yake wanacheza kando ya barabara au wanajazana kwenye vibanda vya filamu ambako hakuna anayeuliza umri.

Malango hayo yafunguliwe asubuhi. Si kwa masomo ya kulipia. Kozi za vakansi zipo tayari, na zinamfaa anayeweza kuzilipia na anayejiandaa kuingia darasa la mtihani. Kinachokosekana ni mahali salama pa bure kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana: mpira, hadithi za wazee kwa Kinande na Kiswahili, ushonaji, bustani ya mboga, vitabu vilivyomo kabatini. Wa kuongoza wapo. Vyama vya Xaveri, Kiro na maskauti vina vijana waliozoea kuongoza watoto. Vyuo vya Butembo vina wanafunzi wa ualimu wanaotafuta mahali pa kufanya mazoezi. Wazee waliokimbia kutoka Mbau na Eringeti, ambao mjini wanakaa bila shamba la kulima, wanajua kusuka vikapu na kusimulia. Nyanya aliyetakiwa kuwapokea wajukuu kijijini anaweza kuwapokea kwenye uwanja wa shule.

Pingamizi la kwanza litakuwa fedha. Mlinzi hulipwa hata shule ikiwa imefungwa. Maji, sabuni, mipira na posho ndogo ya viongozi vinahitaji mchango, na wafanyabiashara wa Butembo, ambao mji huu umejengwa kwa fedha zao kwa kiasi kikubwa, hawashindwi na hilo. Pingamizi la pili ni zito zaidi: usalama. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, katikati ya vakansi, wauaji waliwakuta waumini wa Komanda, Ituri, kwenye mkesha wa sala, na zaidi ya watu 40 wakapoteza maisha katika shambulio hilo, watoto wakiwemo. Hakuna mwenye akili anayependekeza kukusanya watoto bila kupima hatari. Ndiyo sababu mpango huu ni wa mchana, ndani ya mji, karibu na nyumbani, na ni wa kusimamishwa mara moja hali ikibadilika. Mtoto aliye ndani ya ukuta, na jina lake kwenye orodha, ni rahisi kumlinda kuliko yule ambaye mama yake hajui yuko mtaa gani. Watoto wa Beni walishadai usalama kwa vitendo: Aprili 2021 walipiga kambi kwenye ofisi ya meya, wakimtaka rais wa nchi aje aone jinsi wanavyoishi.

Wazazi nao wana la kufanya bila kungoja ofisi. Akina mama wa soko wanaijua likelemba: kila mmoja anatoa, na kila siku mmoja anapokea. Katika parseli yenye nyumba tano, likelemba ya siku inawezekana. Mama mmoja anabaki na watoto wote Jumatatu, mwingine Jumanne, na kila mmoja anauza siku nne bila wasiwasi. Akina baba waingizwe kwenye zamu hiyo pia, wakiwemo wale wa pikipiki, ambao angalau Jumapili wana saa chache. Waajiri, kwa upande wao, wanaweza kuruhusu likizo ichukuliwe nusu Julai na nusu Agosti, au kumruhusu mzazi aingie saa moja baadaye kwa wiki hizo. Hayo hayahitaji sheria mpya.

Jaribio lianze dogo: shule mbili katika kila moja ya komuni nne za Butembo, na mbili katika kila moja ya komuni nne za Beni, yaani Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori. Mameya wa miji hii miwili, ambao tangu 2021 ni maafisa wa polisi, wana uwezo wa kuweka doria karibu na shule 16. Dayosisi ya Butembo-Beni na makanisa ya Kiprotestanti, ambayo ndiyo yanayosimamia sehemu kubwa ya shule, yana funguo. Wakikutana kabla ya Pasaka, orodha ya shule inaweza kusomwa siku ile ile ya kugawa buletini, ili kila mzazi ajue asubuhi inayofuata ampeleke mwanawe wapi, na Masika apate saa nne za kuwa mtoto.