Majani Yaliyofungwa

Mwezi huu twanena habari ya ngitili, ambayo Wasukuma waijua tangu zamani. Mvua zianzapo, Novemba au Desemba, sehemu ya malisho hufungwa, mifugo isiingie. Hufunguliwa kiangazi kikali, Julai au Agosti, upande mmoja kwanza, kisha mwingine. Watangulizwao ni ndama, ng'ombe dhaifu na maksai wa kulimia.

Majani yafaayo zaidi ni yale ya kudumu. Ya mwaka mmoja hufa mvua zikiisha, lakini haya mizizi yake hubaki hai udongoni, yakachipua tena. Hayataki kupandwa kila mwaka, yataka kuachwa. Ila yakiliwa hata shinani mwaka baada ya mwaka, mizizi hudhoofika, na udongo huchukuliwa na maji.

Ndivyo ilivyotokea Shinyanga. Zamani miti ilikatwa mingi ili kumwondoa mbung'o. Kisha watu walipohamishiwa vijijini, 1974 na 1975, wengi waliziacha ngitili zao. Kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga ilipoanza mwaka 1986 zilisalia kama hekta 600 tu. Kufika 2004 zilikuwa zimepita 300,000.

Kufunga ni rahisi, kungoja ndiko kugumu. Sisi wenyewe mwaka mmoja tulifungua Mei, maana tuliona majani yamesimama mengi. Mvua ziliporudi maksai wetu hawakuweza kuvuta plau, tukalima kwa jembe la mkono.