SAFARI YA DARASA: MABEGI ATATUNZA NANI?

Najua nimepotea sana hapa kijiweni. Nilibanwa na UE, si unajua tena, ukizembea kidogo unadisko. Sasa nimemaliza, nimelala siku mbili mfululizo, nimeamka na dukuduku. Leo sipigi stori tu, nina hoja. Vuta kiti.

Darasa letu lina utaratibu wake. Kila tukimaliza mitihani ya mwisho wa mwaka tunachanga, tunakodi kosta, tunatoka siku moja kwenda kusafisha macho. Tupo 34, mchango mwaka huu ni shilingi 20,000 kwa kichwa, na bumu likiwa limetoka hakuna mwenye kisingizio. Juzi jamaa mmoja akarusha kwenye kundi letu la simu kideo cha vijana wa Marekani wanatupa mashoka. Wamevaa fulana za sare, wanacheka, shoka linazunguka hewani, paaa! linanasa kwenye ubao. Dakika 10 hazijaisha kundi zima linawaka moto. "Hiyo hiyo!" "Mwaka huu hatutaki kwenda kukaa chini ya mti kula pilau!" CR akafunga mjadala: "Mwenyeji wa Dodoma atutafutie kiwanja cha huo mchezo, mkoa mzima."

Mwenyeji mwenyewe ndio mimi. Kwetu ni Buigiri, kwenye barabara ya Dar, jirani kabisa na Chamwino ilipo Ikulu. Basi nikapewa kazi.

Nikaanza kwa kujisomea, maana huwezi kutafuta kitu usichokijua. Mchezo huu kama biashara ya mjini ulianzia Toronto, Kanada, mwaka 2006, tena uani kwa mtu. Ukasambaa, mpaka mwaka 2017 ikaanzishwa ligi ya dunia, World Axe Throwing League. Ubao wenye duara unawekwa ukutani, mtupaji anasimama kama mita 4 hivi, anashika shoka dogo, analiachia lizunguke mara moja tu angani na kutua na makali. Likigonga kwa mpini unasogea mbele au nyuma kidogo, unajaribu tena. Kila njia ina uzio pembeni, na kuna mwalimu anayewasimamia. Siyo uhuni, ni kitu kimepangwa.

Nikampigia babu kule nyumbani nimuulize kama kuna mahali amesikia. Nikamweleza watu wanalipa hela kutupa shoka. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Mjukuu wangu, likivunjika mpini anachonga nani?" Nikasema wenye kiwanja. "Basi hao wana kazi," akakata simu. Mzee kwake shoka ni la kupasulia kuni, likipotea ni kesi.

Nikazunguka mkoa kwa simu. Nina watu Bahi, Chemba, Kondoa, Kongwa, Mpwapwa, Chamwino ni kwetu, na jijini nikatembea mwenyewe kwa miguu na bajaji. Kiwanja cha kutupa mashoka sikupata hata kimoja. Nilichopata ni vinavyofanana nacho, nawaorodheshea na kasoro zake ili msije mkasema sikuhangaika.

Kwanza, vishale. Ubao upo kwenye baa, unasimama mita 2.37 kutoka kwenye ubao, unatupa. Ni rahisi na hakuna hatari kubwa. Ila ni baa, na darasani tuna wenzetu ambao kwa imani zao hawaingii baa hata kwa soda. Halafu watu 34 kwenye ubao mmoja, utasubiri zamu yako mpaka usinzie.

Pili, upinde na mshale. Wengi mmeona picha za wageni wakifundishwa kulenga shabaha na Wahadzabe kule Ziwa Eyasi. Hiyo ni Karatu, mkoa wa Arusha, kosta yetu itatumaliza hela kabla hatujafika. Mtu akaniambia, "Si kuna Wasandawe hapa hapa Chemba?" Ni kweli Wasandawe wana historia ndefu ya uwindaji wa upinde, lakini kuwinda kunataka kibali, na wao ni wakulima na wafugaji wenye shughuli zao. Huwezi kuibuka kijijini kwa watu na kosta ukasema leteni pinde tucheze.

Tatu, tujitengenezee wenyewe. Hapa nilikaribia kukubali. Nikaenda kwa fundi seremala, akaniuliza nataka mbao gani. Nikasema mninga, nikijua ndio imara. Akacheka. Ubao mgumu unalirudisha shoka, linaweza kumrukia mtupaji mwenyewe. Inatakiwa mbao laini kama paini, zile zinazovunwa Sao Hill kule Mafinga. Paini ingepatikana. Ila nikawaza: uwanja wa wazi, hakuna uzio, hakuna mwalimu, watu 34 wamechangamka, na zahanati iko mbali. Mimi huo mzigo siubebi.

Mpaka hapo nilikuwa najiona nafanya kazi nzuri. Jioni nikarudi chumbani, namsimulia mwenzangu ninayekaa naye. Huyu bwana haoni tangu utotoni. Alisoma pale kwetu Buigiri, kwenye shule ya wasioona, ile iliyoanzishwa na kanisa la Anglikana mwaka 1950, ya kwanza ya aina yake nchini. Ndio maana tulizoeana haraka, anaijua Buigiri kuliko mimi, tena kwa harufu na kwa sauti. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole kabisa:

"Nyie tafuteni tu. Mimi kama kawaida nitatunza mabegi."

Wadau, lile neno "kama kawaida" lilinichoma. Nikaanza kurudisha mkanda nyuma. Mwaka jana tulienda Kolo, Kondoa, kuona michoro ya miambani, ile iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Tukapanda mlima, tukapiga picha, tukarudi tumechoka na furaha tele. Yeye alibaki chini na dereva, na mabegi. Mwaka wa kwanza tulicheza mpira wa miguu, darasa dhidi ya darasa. Yeye mabegi. Na miaka yote miwili alitoa mchango sawasawa na mimi, hakupunguziwa hata mia. Tumekaa chumba kimoja mwaka mzima, nampelekea stori za safari aliyokwenda na yeye! Sikuwahi kumuuliza hata mara moja yeye angependa twende wapi.

Nikamuuliza siku hiyo, nikiwa nimechelewa kwa miaka miwili. Akanishangaza mara mbili.

Mara ya kwanza, akasema hata shoka angeweza kutupa, kukiwa na uzio na mwalimu. "Mtu agonge ubao mara mbili halafu atoke, nitajua ulipo. Kwani nyie mkitupa mnaangalia shoka au mnaangalia ubao?" Sikuwa na jibu. Kumbe mimi ndiye niliyeamua kuwa hawezi, yeye hakuwahi kusema.

Mara ya pili, akaniambia kama ni kutupa kwa kulenga, mbona upo mchezo wa kutupa ambao yeye ndiye mwenyeji? Unaitwa goliboli, mpira wa goli wa wasioona. Ulibuniwa mwaka 1946, baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa ajili ya askari waliopoteza macho vitani, na umo kwenye Michezo ya Paralimpiki tangu mwaka 1976. Timu ni watu watatu watatu. Uwanja ni mita 18 kwa 9, na goli linachukua upana wote wa uwanja, mita 9. Mpira una kengele ndani na uzito wa kilo 1.25. Unaubingirisha kwa nguvu kuelekea goli la wenzako, wao wanasikiliza unakotokea na kujilaza chini kuuzuia. Wachezaji wote wanafungwa kitambaa machoni, anayeona na asiyeona, na watazamaji wanatakiwa kukaa kimya kama wako kwenye chumba cha mtihani.

Nikasema tujaribu kabla sijaongea sana. Jumamosi iliyopita tukaenda Buigiri watu 6 tu, tukatafuta kiwanja kitupu. Mpira wa kengele hatuna, tukachukua mpira wa kawaida, tukauviringisha ndani ya kipande cha salfeti pamoja na visoda, tukafunga na kamba. Unalia vizuri tu! Mistari tukaichora, juu yake tukatandaza kamba ya katani na kuikazia chini kwa vijiti, ili mguu uisikie. Tulianza asubuhi mapema, maana upepo wa Dodoma mnaujua, ukishaanza husikii kitu.

Jamani. Yule jamaa yetu mwenye misuli, aliyekuwa anapiga kelele kuliko wote kwenye kundi kuhusu mashoka, alifungwa kitambaa akaanza kutupa mpira kuelekea nyumbani kwa watu. Mimi nilijilaza kulia mpira ukapita kushoto, nimekula vumbi la kutosha. Mwenzangu wa chumba alitufunga mabao mpaka tukaacha kuhesabu. Halafu alikuwa anatuelekeza: "Usihangaike na kelele za mwisho, sikiliza mpira unapotoka mkononi." Kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, yeye ndiye alikuwa mwalimu na sisi ndio tumepotea. Tulipomaliza mama mmoja jirani akatuuzia ugali wa uwele na mlenda, tukala kwa mikono yenye vumbi. Na mabegi? Tuliyatupa chini ya mbuyu, hakuna aliyeyakumbuka.

Sasa hoja yangu. Tunapotafuta mahali pa kwenda kama kundi, tunaanza na swali la kwanza vibaya. Tunauliza "nini kinasisimua?", halafu wasioweza tunawatafutia kazi ya kufanya pembeni. Mimi nasema tuanze na swali hili: nani atabaki kutunza mabegi? Ukipata jina la mtu, mwende huyo mtu umuulize kwanza, kabla hujamtafuta mwenye kosta.

Najua wapinzani mpo, na jana mmoja alinijibu wazi: "Yaani watu 33 tubadilishe safari kwa ajili ya mmoja?" Swali lina mantiki, silidharau. Ila nina majibu mawili. La kwanza, siyo mmoja. Nilipozunguka kuuliza kimya kimya, nikakuta dada mmoja ana pumu, mlima wa Kolo ulimtesa akanyamaza. Wengine wawili hawaingii baa. Mwingine anaogopa mashoka kwa sababu anazozijua mwenyewe, na hakutaka kuchekwa. Kila safari ina watu wanaocheka nje huku ndani wanahesabu saa za kurudi. La pili, hela. Kama mchango ni sawa, safari nayo iwe sawa. Ukichukua 20,000 ya mtu ukamkabidhi mabegi, hapo amekulipa ili akufanyie kazi.

Na msidhani naomba huruma. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 30 inazungumzia haki ya kushiriki burudani na michezo sawa na wengine. Ni ajabu sisi wasomi tunayajibu haya kwenye mtihani, halafu kwenye kosta tunayasahau.

Sisemi mashoka ni mabaya. Siku mtu akifungua kiwanja cha maana hapa Dodoma, chenye uzio na mwalimu, mimi wa kwanza kwenye foleni, na mwenzangu wa chumba nyuma yangu, nitamgongea ubao. Ila kwa mwaka huu pendekezo langu ni hili: asubuhi Buigiri, tucheze mpira wa kengele timu kwa timu, mchana tule mbuzi choma na ugali wa uwele, jioni turudi. Kosta ya karibu hivyo haimalizi mchango, na chenji inatosha fulana za sare. Si mlizitaka?

Kikao ni kesho saa 10 jioni, CR ameshatangaza kwamba tutapiga kura. Inawezekana nikashindwa, najua kideo cha mashoka bado kinawawasha vichwa. Wakichagua pengine, sawa, demokrasia. Ila kabla mkono wa kwanza haujanyooshwa nitasimama niulize lile swali mbele ya wote, na mwenzangu akiwa amekaa pale pale. Na kama jibu litakuwa ni yeye tena, basi mwaka huu mabegi yatatunzwa na watu wawili.

Nawakilisha. Kazi kwenu.