Stima Ikipotea Siku Tatu Lumakanda, Hasara Ni ya Nani?



Unakumbuka Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023? Usiku ule giza lilifunika karibu nchi nzima, na sehemu nyingi zililala na kuamka bila stima. Uwanja wa ndege wa JKIA nao ukazimika, picha za abiria wakiwa gizani zikazunguka dunia. Kesho yake waziri wa uchukuzi akaomba radhi na mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akatolewa kazini. Yaani usiku mmoja tu wa giza, na mtu amewajibishwa.

Sasa njoo huku kwetu Lumakanda. Mvua inapiga, mkaratusi unaangukia waya, au transfoma inalipuka, na mtaa unakaa gizani siku mbili, tatu, pengine zaidi. Hakuna kamera, hakuna waziri. Stima ikirudi watoto wanapiga kelele za furaha, sisi wakubwa tunasema alhamdulillah, na habari inaishia hapo.

Lakini wacha nikuulize: kile kilichoharibika katika hizo siku tatu kililipwa na nani?

Tuhesabu pamoja. Chukua mama mwenye friji anayeuza maziwa. Tuseme ana lita 40 ndani, na lita moja ni shilingi 60. Maziwa yakichacha, 2,400 zimeenda. Chukua kijana aliyeweka mayai 200 kwenye mashine ya kuangua. Yai la kuku linahitaji joto siku 21, na stima imepotea siku ya 18. Tuseme 150 yangeanguliwa, na kifaranga kimoja anauza shilingi 100. Hiyo ni 15,000. Chukua kinyozi anayepata 800 kwa siku. Siku tatu za kukaa mlangoni akiangalia barabara ni 2,400 nyingine. Hao ni watu watatu tu, na tumekaribia elfu ishirini. Bado hatujamgusa fundi wa kuchomelea, mwenye kinu cha kusaga, wala aliyeungua televisheni stima iliporudi kwa kishindo.

Na kumbuka, wengi wetu tunatumia tokeni. Unalipa kwanza, ndipo unapata. Tokeni zikiisha saa nne usiku, mita haikungojei hadi asubuhi, inazima. Kwa nini basi sisi tukikosa huduma tunaambiwa tuwe na subira?

Watu wengi hudhani kudai fidia ni ujeuri, eti ni kutafuta pesa za bure. Hapana. Ni sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata huduma ya kiwango kinachofaa, na haki ya kulipwa akipata hasara kwa sababu huduma ina kasoro. Kifungu hicho kinazigusa kampuni binafsi na mashirika ya umma pia. Halafu kuna Sheria ya Nishati ya 2019, ambayo inazungumzia fidia kwa mtu anayepata hasara kutokana na stima. Na sisi wenyewe tumefundishwa tangu madrasa kwamba ukiharibu mali ya mwenzako, unalipa. Hapa hatuombi kitu kipya.

Shida ni njia ya kuipata hiyo haki. Leo mwenye hasara ndiye anayebeba mzigo wote: athibitishe kilichoharibika, apande matatu hadi ofisini, ajaze fomu, arudi tena, arudi tena. Kwa maziwa ya 2,400, nauli na siku za kazi zilizopotea zinakula hiyo pesa yote. Kwa hivyo watu wanaacha. Na wakiacha, kwenye vitabu inaonekana kana kwamba hakuna aliyepata hasara.

Ndiyo maana ninasema fidia iwe ya moja kwa moja. Uingereza, stima ikikatika zaidi ya saa 12 katika hali ya kawaida ya hewa, kaya inastahili malipo yaliyopangwa kabisa, bila kubishana maziwa yalikuwa lita ngapi. Dhoruba ikiwa kubwa, kampuni inaongezewa muda. Na usiseme hayo ni ya Wazungu. Nigeria mwaka 2024, msimamizi wa stima aliagiza wateja wanaolipa bei ya juu kwa ahadi ya saa 20 kwa siku wafidiwe wasipopewa saa hizo.

Hapa kwetu ingekuwa rahisi hata zaidi, maana mita ya tokeni tunayo tayari. Kampuni inajua transfoma gani imezimika na nani wako chini yake. Muda uliowekwa ukipita, kila mita ya pale iongezewe yuniti. Hakuna fomu, hakuna nauli, hakuna kujuana. Aliyepata hasara kubwa, kama yule wa vifaranga, abaki na haki ya kudai zaidi.

Najua utaniuliza: Kenya Power ikianza kulipa, si bei itapanda na tutajilipa wenyewe? Swali zuri, na jibu liko kwa EPRA, wanaopanga bei. Ule umeme unaopotea njiani, kwenye waya mbovu na kwa wizi, EPRA huuwekea kikomo. Ukizidi kikomo, hasara ni ya kampuni, haitakiwi kuingizwa kwenye bili yako. Fidia ifanyiwe hivyo hivyo. Kampuni ikiona kuchelewa kunaigharimu, gari la mafundi litafika mapema.

Na tuwe wakweli pia. Sio kila giza ni kosa la kampuni. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia mtambo wa Gitaru na nchi nzima ikazimika. Na sisi wenyewe tunapanda mikaratusi chini ya waya, tunakataa ikatwe, wengine tunaunganisha stima kwa njia za panya hadi transfoma inalemewa. Ukitaka haki, safisha upande wako kwanza.

Sasa wewe, mwenye simu mkononi, fanya haya.

Stima ikipotea, piga 97771 au tumia *977# uripoti, hata kama jirani amesharipoti. Hifadhi nambari ya ripoti. Andika tarehe na saa ilipopotea, na saa iliporudi.

Piga picha za kilichoharibika kabla hujakitupa. Weka risiti. Msaidie mama wa maziwa, yeye pengine hana simu ya picha.

Msiende mmoja mmoja. Nyumba zote zilizo chini ya transfoma moja ziandike barua moja, majina na nambari za mita zote, na mbaki na nakala iliyopigwa muhuri. Mkinyamaziwa, pelekeni malalamiko EPRA. Baada ya hapo kuna Mahakama ya Nishati na Petroli, iliyowekwa na sheria hiyo hiyo ya 2019.

Na EPRA wakiitisha maoni ya wananchi kuhusu bei au kanuni mpya, usiwaachie watu wa Nairobi peke yao. Bei zilizoanza Aprili 2023 zilipangwa kwa kipindi cha miaka mitatu. Kila zinaporudi mezani, Lumakanda, Chekalini na Mautuma ziwe mle chumbani, au angalau barua zao ziwemo.

Abiria wa JKIA walisikika kwa sababu walionekana. Mama wa maziwa anamwaga maziwa yake nyuma ya nyumba, asubuhi mapema, na hakuna anayemwona. Safari ijayo, uwe pale na daftari.