Mazutu Inakula Mahindi Yetu



Kila mwaka, kiisha mavuno, tunasikia neno lilelile: mahindi yamezaa, lakini falanga haionekane. Tunatafuta mwizi ku soko. Sisi tunaona falanga nyingi zinaishia mu tanki ya kamio na ya mashini ya kusaga.

Katika Congo, nguvu nyingi ambazo watu wanatumia zinatoka kwa kuni na makala. Petroli ni sehemu ndogo tu. Ndiyo maana wengi wanasema mazutu ni shida ya watu wa mji. Hapana. Mlimaji anaweza kupika bila mazutu, lakini mfuko wake wa mahindi haufike Lubumbashi bila mazutu.

Na mazutu hiyo haitoke kwetu. Petroli inachimbwa Muanda, ku bahari, tangu miaka ya 1970, lakini inauzwa inje ikiwa mbichi. Ile tunayonunua Haut-Katanga inapita Kasumbalesa, kutoka bandari za mbali. Mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipoanza, bei ya mafuta ilipanda dunia nzima. Mlimaji asiyejua Ukraine iko upande gani, naye analipa.

Wengine watajibu: tuko na umeme. Ni kweli. Mwadingusha, ku mto Lufira, inafanya kazi tangu 1930, na nyaya za Inga zilifika Kolwezi miaka ya 1980. Lakini ziliwekwa juu ya migodi. Vijiji vingi zinavipita juu ya vichwa. Kungoja si mpango.

Basi tufanye nini?

Kwanza, kila kooperative ishike kaye ya mazutu: lita ngapi, safari gani, mifuko mingapi. Tuseme kamio inakunywa lita 60 kwenda na kurudi. Ikibeba mifuko 40, kila mfuko unalipia lita moja na nusu. Ikibeba 120, ni nusu lita. Njia ni ileile. Kwa hiyo tuuze pamoja, siku moja.

Pili, tukaushe na kupukuchua kabla ya kupakia. Maji na magunzi hakuna mtu anayenunua, lakini tunayalipia safari.

Tatu, mwenye mashini ya kusaga atenge falanga kidogo kila musimu, ili ikichoka, kooperative iweze kuchagua mashini ya jua badala ya kununua ingine ya mazutu kwa haraka.

Jambo moja tusilifanye: kuziba deni la mazutu kwa kukata pori na kuuza makala. Makala nayo inapanda kamio ileile, na udongo unabaki uchi. Mwaka unaofuata tutavuna kidogo, na deni litakuwa palepale.

Ku mkutano ujao, mwulize mwenye sanduku: mwaka huu tulikunywa lita ngapi? Kama hakuna anayejua, tuanzie hapo.