Dalali Anakula Ngapi? Swali la Kuuliza Kabla Hujanunua Kipande

Makamanda, Julai 2021 mnaikumbuka. Serikali ilipoweka tozo kwenye miamala ya simu, nchi nzima ilipiga kelele: mama lishe, bodaboda, mwanachuo, mpaka wazee wasioongea siasa. Septemba mwaka huo huo tozo ikashushwa kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata ikashushwa tena. Hakuna aliyehitaji digrii ya uchumi ili akasirike. Unatuma hela, unaona imekatwa, basi.

Kuna makato mengine ambayo sijamsikia kijana wetu hata mmoja akiyasemea jukwaani. Ni makato ya kuwekeza: ada ya kuingia kwenye mfuko, ada ya kutoka, kamisheni ya dalali wa hisa, ada ya mwaka ya msimamizi. Haya hayaji na meseji kwenye simu, ndiyo maana yanapita kimya kimya.

Hapa Mwanza neno dalali hatufundishwi na mtu. Nenda Mwaloni Kirumba asubuhi, dagaa na furu vinashuka, dalali kasimama katikati ya muuzaji na mnunuzi. Hakuna mama anayeacha gunia lake hapo bila kuuliza: wewe unakula ngapi? Akitajiwa kikubwa, anahamia kwa mwingine. Sasa mbona mtoto wa mama huyo huyo, akishika laki yake ya kwanza kwenda kuwekeza, anaona aibu kuuliza?

Tupige hesabu. Tuseme mfuko unakata asilimia 5 mlangoni. Umeleta 100,000, inayoanza kufanya kazi ni 95,000. Mfuko huo ukikua kwa asilimia 10 kwa mwaka, utasubiri zaidi ya miezi sita ili urudi tu pale ulipoanzia. Nusu mwaka umemfanyia kazi aliyekufungulia mlango.

Ada ya kila mwaka nayo usiidharau. Milioni moja ikikua kwa asilimia 12 kwa miaka 20 inafika kama milioni 9.6. Ikikua kwa asilimia 11 inafika kama milioni 8.06. Asilimia moja tu imeondoka na zaidi ya milioni moja na nusu.

Habari njema ni kwamba kwetu Tanzania kuna milango isiyo na kiingilio. UTT AMIS inaendesha Mfuko wa Umoja tangu 2005. Huo hautozi ada ya kuingia, ila unapotoka unaacha asilimia 1. Mfuko wa Ukwasi ulioanza 2013 na wa Hatifungani wa 2019 havikukati kuingia wala kutoka. Ukwasi unaanza na 100,000, Hatifungani na 50,000. Wala huhitaji kuniamini mimi. Bei za vipande zinatangazwa, na jedwali lake lina safu tatu: thamani halisi ya kipande, bei wanayokuuzia, na bei watakayonunua tena kwako. Bei ya kukuuzia ikizidi thamani halisi, hiyo tofauti ni kiingilio. Bei ya kununua tena ikiwa chini yake, hiyo ni ada ya kutokea. Dakika mbili, umeshajua unakatwa wapi.

Kwa watu wa ziwa hii ina uzito wa pekee. Mvuvi wa dagaa anategemea giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti samaki, mitumbwi inakaa nchi kavu, na familia inakula ile akiba. Hela yake inaingia na kutoka kila mwezi. Mtu huyo akiweka 500,000 kwenye mfuko wenye ada ya kutokea ya asilimia 1, kila akiitoa anaacha 5,000. Mara 12 kwa mwaka ni 60,000. Akiiweka kwenye mfuko usio na ada hiyo, 60,000 inabaki Igombe au Kayenze, inanunua nyavu. Mwalimu wa Ukerewe anayeweka hela ya kustaafu na asiyeigusa miaka 15, kwake asilimia 1 ya kutokea ni jambo dogo, aangalie zaidi ada ya mwaka.

Upande wa hisa hali ni ngumu zaidi. Pale Soko la Hisa la Dar es Salaam, kamisheni ya dalali iliyozoeleka kwa muamala usiozidi milioni 10 ni asilimia 1.7, na juu yake kuna ada za soko lenyewe, mamlaka na hifadhi. Mwenye kununua kwa mamilioni mengi anashushiwa asilimia. Yaani kijana wa Buhongwa mwenye laki mbili anakatwa kwa kiwango kikubwa kuliko tajiri, na anakatwa tena siku ya kuuza. Na hapo hajapewa ushauri wowote. Amebonyeza simu yake mwenyewe.

Wenzetu walishapigana vita hii. Marekani walifuta kamisheni za viwango vya lazima tarehe 1 Mei 1975, na hapo ndipo madalali wa bei nafuu kama Charles Schwab walipopata nafasi. India, kuanzia Januari 2013, kila mfuko ulilazimishwa kuwa na mpango wa kununua moja kwa moja, usiobeba kamisheni ya wakala. Uingereza, mwisho wa 2012, ilipiga marufuku washauri kulipwa kamisheni na kampuni za mifuko wanayomshauri mteja anunue. Hakuna kati ya hayo lililokuja kwa huruma ya soko. Ni kanuni, na kanuni ni siasa.

Najua wapo makamanda watakaosema: UTT ni ya serikali, kuweka hela kule ni kuwatajirisha hao hao. Nawaelewa, ila sikubaliani nao. Mali za mfuko ni za wenye vipande, msimamizi analipwa ada ya kuusimamia. Ukiwa na vipande una haki ya kudai hesabu, ukikaa pembeni huna. Na tukiwaambia vijana wakae mbali na mifuko inayosimamiwa kisheria, hawaendi kukaa bure. Wanaenda kwenye magrupu ya WhatsApp yanayoahidi kuzidisha hela mara mbili kwa wiki. Nchi hii iliona DECI mwaka 2009, watu "wanapanda mbegu" wasubiri mavuno, mwisho wake vilio. Kule hakukuwa na ada ya asilimia 1. Iliondoka hela yote.

Wapo pia watakaosema vijana hawana ajira, unawaambia habari za vipande? Ni kweli, na ajira ibaki dai letu la kwanza. Ila mwenye 10,000 ndiye anayeumizwa zaidi na makato. Ada ya 1,000 kwa mwenye milioni haionekani, kwake yeye ni asilimia 10.

Kwa hiyo napendekeza jumuiya yetu ya vijana ibebe madai matatu. Kwanza, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ilazimishe kila mfuko kutoa ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoonyesha makato yote, kwa shilingi, kwa mfano wa 100,000. Pili, anayenunua hisa mwenyewe kwa simu, bila ushauri, awe na kiwango nafuu cha kamisheni. Tatu, hayo mawili yaingie kwenye ilani, pale pale tunapoongelea tozo.

Wakati tunadai, tusikae bure. Kwenye kikao kijacho cha tawi, iwe Nyamagana, Ilemela, Magu au Sengerema, ombeni dakika kumi. Mmoja afungue jedwali la bei za vipande kwenye simu, wengine wasome zile safu tatu kwa sauti. Mtu akija tawini kuwauzia mfuko wowote, muulizeni mbele ya wote: kuingia ngapi, kutoka ngapi, kwa mwaka ngapi? Akianza kuzungukazunguka, msimpe hata mia.