Singida Inahesabu Maiti, Majeruhi Inawaacha Njiani

Nenda Misuna msimu wa vitunguu, uone. Bodaboda inakata kona ikiwa na abiria na gunia, tairi la mbele linakanyaga mchanga, wote wanalala chini. Watu wanakimbilia. Gunia linainuliwa, vitunguu vinaokotwa, dereva anabana gurudumu la mbele kwa magoti na kunyoosha usukani. Abiria anajipangusa vumbi, kiwiko kinavuja damu. "Shukuru Mungu, ni michubuko tu." Dakika tano baadaye barabara iko kama ilivyokuwa, na mchanga uko palepale unamsubiri mwingine.

Hukumu hiyo ya "michubuko tu" imenichosha. Kwa maneno hayo mkoa mzima umejivua wajibu: mwenye pikipiki, halmashauri, trafiki, abiria, na sisi tunaosimama pembeni kuangalia.

Katika salamu zake za kuukaribisha mwaka 2025, Rais Samia Suluhu Hassan aliliambia taifa kwamba kuanzia Januari hadi Desemba 2024 zilitokea ajali 1,735, na watu 1,715 wakapoteza maisha. Ziweke tarakimu hizo bega kwa bega. Kwa wastani, karibu kila ajali iliyoandikwa ina marehemu wake. Nani anaamini kwamba nchi ya watu zaidi ya milioni 60, yenye kijiwe cha bodaboda kila njia panda, ilipata ajali 1,735 tu mwaka mzima? Kilichohesabiwa hapo ni misiba. Aliyevunjika mfupa wa muundi akapelekwa kijijini kwa mganga wa kuunga mifupa hayumo, wala mama aliyepasuka nyusi akashonwa kwenye zahanati. Hata hao marehemu tuna mashaka nao: kwa mwaka 2016 taarifa rasmi za nchi yetu zilionyesha vifo 3,256 barabarani, huku Shirika la Afya Duniani likikadiria 16,252. Ikiwa wafu wenyewe wanatupotea kiasi hicho, majeruhi wa njia ya Sepuka nani atamkumbuka?

Asiyeandikwa hana bajeti. TARURA ilianzishwa mwaka 2017 ili barabara za wilaya na vijiji zipate mwenyewe. Huyo mwenyewe atajuaje kwamba kona fulani kule Ikungi imeangusha watu tangu mvua zilipokatika, au kwamba tuta lisilo na alama Mkalama linarusha pikipiki kila usiku? Vijana wa kijiweni wanajua. Muulize yeyote atakutajia mahali, saa, hata upande wa barabara ulioliwa na korongo. Elimu hiyo inaishia kijiweni kwa sababu hakuna ofisi iliyowahi kumtuma mtu kuja kuwauliza.

Tukiwageukia madereva, huwa tunajua kulaumu kitu kimoja: mwendo. Mwendo unaua, sibishi. Anayeshuka Mlima Sekenke akishindana na malori anatafuta kaburi. Lakini Singida wengi hawaangukii Sekenke. Wanaangukia kati ya soko na nyumbani. Mmarekani Harry Hurt na wenzake walichunguza ajali 900 za pikipiki Los Angeles, wakatoa taarifa yao mwaka 1981. Nyingi walizozichunguza zilitokea kwenye safari fupi, za dukani, za shughuli ndogondogo, za kumtembelea rafiki, na mara nyingi karibu na pale safari ilipoanzia. Nusu ya pikipiki hizo hazikuwa zimezidi kilomita 48 kwa saa kabla hatari haijajitokeza. Zilipogonga, mwendo wa katikati ulikuwa kama kilomita 35. Huo ni mwendo wa Kibaoni kwenda Mandewa. Ni mwendo ambao abiria wa Singida hujiambia kwamba hapa karibu tu, kofia ya nini.

Na dereva huyo anaendesha akiwa na nini kichwani? Hesabu. Pikipiki si yake bado. Ni ya mkataba wa kuilipia kidogokidogo hadi iwe yake, na jioni mwenye chombo anataka elfu saba, elfu nane au elfu kumi, kutegemea walivyopatana, iwe imenyesha au limewaka. Kijana akianguka asubuhi, akateguka kifundo cha mkono, mkataba hauna kifungu cha kifundo. Anafunga kitambaa, anarudi barabarani, anashika breki kwa mkono usioshika vizuri, na abiria wake wa mchana hajui kwamba amepanda nyuma ya mgonjwa. Bima ndogo ya mhusika wa tatu haimtibu dereva mwenyewe. Siku tatu za kulala nyumbani zinatosha kumnyang'anya chombo alichokilipia kwa miezi. Ninyi wenye pikipiki, wengi wenu watumishi na wafanyabiashara tunaosali pamoja na kukaa pamoja kwenye vikao vya harusi, mnayajua haya. Mnamdai majeruhi hesabu huku tairi mlilompa ni kipara na breki zimeisha. Huo ni unyonyaji, na damu yake mna sehemu yenu.

Abiria naye asijifiche. Kofia ya abiria imegeuka pambo la usukani au bangili ya kiwiko cha dereva. Tunaikataa kwa sababu inanuka jasho la watu, tunaogopa mapunye, tumesuka nywele jana. Sababu ya uchafu naielewa, na dawa yake ni kitambaa cha kuvaa chini ya kofia, au kununua yako kama unapanda kila siku. Mikanda ya kidevuni imekatika na hakuna anayejali, ilhali kofia isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini. Tafiti zilizokusanywa na kupimwa pamoja zinaonyesha kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa kama asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na asasi za usalama barabarani zimepiga kelele miaka mingi irekebishwe, imtaje abiria waziwazi, itaje ubora wa kofia na kufungwa kwake. Vietnam, nchi inayoishi juu ya pikipiki kuliko sisi, ilibana sheria yake Desemba 15, 2007, dereva na abiria kwa pamoja. Karibu kila mtu akaonekana na kofia katika muda mfupi, kwa sababu askari walisimama barabarani na faini ikatozwa kweli.

Sisi tukianguka tunamalizana. "Tumalizane hapahapa" maana yake elfu tano ya dawa, na fomu ya polisi ya PF3 isiguswe, kwa kuwa anayeifuata anaona ameifuata kesi, usumbufu na pikipiki kulala kituoni. Matokeo yake jeraha lililoingia vumbi na kinyesi cha ng'ombe halichomwi sindano ya pepopunda, na kichwa kilichogonga lami kinapelekwa nyumbani kulala. Anayetapika usiku baada ya kuanguka mchana, ubongo wake unaweza kuwa unavuja damu. Awahishwe hospitali usiku huohuo.

Nawaambia madiwani na wakurugenzi wa halmashauri zote za mkoa huu, Singida mjini hadi Itigi, hatuombi maabara. Tunataka daftari moja kila zahanati na kila kituo cha afya. Anayeletwa kwa pikipiki aandikwe: ameangukia wapi, saa ngapi, alikuwa na kofia au hana, barabara ilikuwaje. Viongozi wa vijiwe wawe na daftari lao kwa wale wasiofika zahanati, na anayeandikisha asiitwe polisi kwa kuandikisha tu. Kila robo mwaka madaftari yaletwe mezani mbele ya TARURA, TANROADS na kikosi cha usalama barabarani, na kona iliyojirudia ishughulikiwe kabla ya kikao kinachofuata. Mkataba wa pikipiki usiosimamisha hesabu dereva anapougua kwa ajali usigongwe muhuri na ofisi yoyote ya umma.

Nawe msomaji, kesho ukipanda, idai kofia kabla hujataja unakoenda, ifunge kidevuni. Dereva akiwa hana, mwache, panda wa pili yake.